Faili ya Rosa Parks iko kwa simu yako. Ya Muindi Mbingu je?

Chukua simu yako hapo ulipo Machakos, uwe stendi ya matatu ama umekaa People's Park, na ununue bando ya bei ya chini kabisa. Baada ya dakika chache utakuwa unasoma ripoti ya polisi iliyoandikwa Montgomery, Alabama, tarehe 1 Desemba 1955, siku Rosa Parks alikataa kumwachia abiria mzungu kiti kwenye basi. Si makala kuhusu hiyo ripoti. Ni ripoti yenyewe, pamoja na alama za vidole walizomchukua na mchoro wa basi uliotumika kortini kuonyesha alikuwa ameketi wapi. Nyaraka za Kitaifa za Marekani zimeziweka karatasi hizo wazi, na kuna tovuti nzima ya masomo inayoitwa DocsTeach, iliyoanza 2010, ambapo mwalimu yeyote anaweza kuzichukua na kuzitumia darasani. Hakuna anayekuuliza wewe ni raia wa wapi.

Sasa tumia bando iliyobaki kumtafuta Samuel Muindi Mbingu. Huyu ni wetu. Mwaka 1938 aliongoza maelfu ya Wakamba, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea mpaka Nairobi kumwambia gavana awarudishie ng'ombe wao. Utapata mtaa wenye jina lake katikati ya jiji. Utapata aya mbili tatu za noti za mtihani, nyingi zikiwa zimenakiliana neno kwa neno. Lakini karatasi zenyewe, yaani malalamiko ya wazee, ripoti za DC, amri ya kumpeleka kizuizini Lamu, hizo hazikuji kwa kubofya mara mbili.

Hiyo tofauti ndiyo nataka tuongelee. Kuna watu watasema ni mambo ya wasomi. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, sina cheti cha kutetea. Ninachojua ni kwamba mtu anayeshika karatasi ndiye anayeamua hadithi itasemwaje, na sisi karatasi zetu hatujazishika.

Somo la mbali linafanywaje

Makumbusho na hifadhi za Marekani zimekuwa zikifundisha kwa mbali kwa miaka mingi, hata kabla ya korona kulazimisha kila mtu kwenye skrini. Mfumo wenyewe ni rahisi. Mwalimu anaweka nafasi, siku ikifika mtaalamu wa makumbusho anatokea kwa vidio, na wanafunzi tayari wametumiwa picha, barua ama ramani ya wakati huo. Hawaambiwi kwanza kilichotokea. Wanaulizwa wanaona nini. Maktaba ya Bunge la Marekani imeipanga kwa hatua tatu: tazama, tafakari, uliza.

Rudi kwa Rosa Parks uone inavyofanya kazi. Ripoti ya polisi inasema alikuwa ameketi sehemu ya wazungu. Ukiangalia mchoro wa basi unakuta kitu kingine: viti kumi vya mbele ndivyo vilivyotengewa wazungu, na yeye alikuwa nyuma yavyo. Dereva ndiye aliyetaka mpaka usogezwe kwa sababu mbele kumejaa. Yaani karatasi ya serikali, yenye tarehe na sahihi, ilisema jambo ambalo mchoro ulio kwenye kesi unalikataa. Mwanafunzi wa miaka kumi na sita akigundua hilo mwenyewe, hatakaa asome ripoti ya polisi kwa macho yale ya zamani. Na kwetu Kenya, nani haelewi umuhimu wa kusoma ripoti ya polisi kwa jicho la pili?

Kweli, vipindi vya moja kwa moja vimepangwa kwa ratiba ya shule za kwao. Saa nne asubuhi Washington ni saa kumi na moja ama kumi na mbili jioni Machakos, kutegemea majira yao. Lakini nyaraka, maswali na maelezo ya mwalimu viko wazi saa zote. Februari 2020 taasisi ya Smithsonian pekee ilifungua picha milioni 2.8 ambazo unaweza kupakua na kutumia bila kulipa wala kuomba ruhusa.

Kwani historia ya Marekani inatuhusu nini?

Swali zuri. Jibu liko hapo Kapiti, ukiwa njiani kuelekea Konza.

Aprili 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alishuka kwenye gari la moshi katika stesheni ya Kapiti. Alikuta kambi imeshapangwa, bendera ya Marekani inapepea, na wapagazi zaidi ya 200 wanangoja. Wiki zake za kwanza za kuwinda alizimaliza kwenye nyanda hizi, akikaa kwa Sir Alfred Pease, mlowezi aliyekuwa na shamba la Kitanga. Msafara wenyewe ulidhaminiwa na Smithsonian. Ulipokwisha mwaka uliofuata, Roosevelt na mwanawe Kermit walikuwa wamepiga wanyama 512, na jumla ya vielelezo vilivyopelekwa Washington, ukihesabu ndege, samaki, wadudu na mimea, ilipita 23,000.

Kwa hivyo kwenye makabati ya makumbusho maarufu zaidi Marekani kuna ngozi na mifupa kutoka Ukambani. Picha za msafara zipo mtandaoni. Kitabu alichoandika Roosevelt, kilichotoka 1910, kipo mtandaoni bure kwa sababu hakimiliki yake ilishaisha.

Sasa ile njia ya tazama, tafakari, uliza, igeuze itazame Kapiti. Nani yuko katikati ya picha? Nani amebeba sanduku? Wabeba bunduki wachache wanatajwa kwa majina kitabuni, lakini wapagazi kwa jumla wanabaki kuwa umati. Walitoka vijiji gani? Walilipwa nini? Ardhi hiyo mlowezi aliipata vipi? Hayo ni maswali ya Machakos, na yanaulizwa kwa kutumia chanzo cha Mmarekani. Hapo ndipo naona faida kubwa ya haya masomo yao. Wametupa kisu, na hakuna aliyetukataza kukatia mboga zetu.

1938, ng'ombe na karatasi

Tatizo linaanza unapotaka kusikia upande wetu wenyewe.

Hadithi ya 1938 kwa ufupi ni hii. Serikali ya kikoloni ilisema Wakamba wana mifugo mingi kupita kiasi na udongo wa Machakos unaisha. Ikaamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Wakati huohuo kampuni ya Liebig ilikuwa imeweka kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinahitaji ng'ombe wa bei rahisi. Askari wakaingia vijijini, mifugo ikachukuliwa na kuuzwa. Wakamba wakaunda chama chao, Ukamba Members Association, na Julai 1938 wakashuka Nairobi, wakapiga kambi upande wa Kariokor kwa wiki kadhaa wakisema hawaondoki bila kumwona gavana. Muindi Mbingu akakamatwa na kupelekwa Lamu. Lakini mwishowe serikali iliachana na uuzaji wa lazima. Ukiangalia vizuri, walishinda.

Kwa noti za shule hiyo ni alama mbili: taja chama kimoja cha kisiasa cha kabla ya vita. Unaandika jina, unasonga.

Na hebu fikiria yale maswali ya basi la Montgomery yakiwekwa hapa. DC anaandika udongo umekufa. Mzee analalamika ameibiwa. Kiwanda kinaandika hesabu zake. Nani anasema kweli kuhusu nini? Hilo ni somo la wiki nzima, na darasa lolote la Machakos lingelipenda kwa sababu ni habari ya babu zao.

Na usidhani jibu la karatasi za DC ndilo la mwisho. Mwaka 1994 watafiti watatu, Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, walitoa kitabu kiitwacho More People, Less Erosion, kinachoihusu Machakos kuanzia 1930 hadi 1990. Mojawapo ya mambo yaliyofanywa ni kuchukua picha za mmomonyoko zilizopigwa na maafisa wa kikoloni miaka ya 1930, kurudi kwenye vilima vilevile na kupiga upya. Idadi ya watu ilikuwa imeongezeka zaidi ya mara tano. Kwa hesabu ya mkoloni, pangekuwa jangwa. Badala yake zilionekana mitaro ya matuta, miti na mashamba yanayotunzwa. Kitabu hicho kimejadiliwa vyuo vikuu duniani kote, wengine wakikikubali na wengine wakikipinga. Picha kuukuu kutoka faili za serikali zilisaidia kuitoa Machakos kwenye orodha ya maeneo yaliyohukumiwa kufa. Hiyo ndiyo nguvu ya chanzo kikitoka kabatini.

Tukutane Archives

Kila mtu aliyewahi kwenda Nairobi anajua "tukutane Archives". Ni pale Moi Avenue, kila mtu anangojea mtu. Ni wangapi wamewahi kuingia ndani? Jengo lilikuwa benki zamani, na Nyaraka za Kitaifa zilianzishwa 1965. Ripoti za wilaya ya Machakos ziko humo. Ukitaka kuzisoma, njia ya uhakika ni kupanda matatu kilomita kama 60, kujisajili na kuketi chumba cha kusomea. Kwa mtafiti ni sawa. Kwa mwalimu wa Masii mwenye wanafunzi hamsini, hilo ni ndoto.

Nje ya jengo hilo amesimama Tom Mboya kwa shaba, karibu na pale alipopigwa risasi tarehe 5 Julai 1969. Mboya alizaliwa 1930 kwenye shamba la mkonge upande wa Kilima Mbogo. Ndiye aliyesuka mpango wa ndege za kupeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani. Ndege ya kwanza, 1959, ilibeba wanafunzi 81, na 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000 kuendeleza safari hizo. Sanamu tunayo. Karatasi zake kwa wingi ziko Hoover Institution, Chuo Kikuu cha Stanford, California.

Na hayuko peke yake. Miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Syracuse, jimbo la New York, kilipata nakala za filamu ndogo za rekodi za Nyaraka za Kitaifa za Kenya, zikiwemo ripoti za mwaka za wilaya na mikoa. Waingereza nao, walipokuwa wanafunga virago 1963, waliondoka na masanduku ya faili za Kenya. Zilikaa Hanslope Park kimyakimya mpaka 2011, wazee wa Mau Mau wakiwa tayari wameishtaki serikali ya Uingereza London, na ikabidi ikubali kwamba ina faili zipatazo 8,800 kutoka makoloni 37. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Tafakari hiyo. Faili zilizofichwa zilipotoka ziliipa nguvu kesi ya watu waliokuwa wakiambiwa kwa miaka hamsini kwamba hawana ushahidi. Leo faili hizo zimehamishiwa Kew, London. Ukiwa na viza na tiketi, karibu.

Wamarekani nao si malaika

Mtu asinielewe vibaya, sisemi tuabudu makumbusho ya watu. Mwaka huu wa 2026 Marekani inatimiza miaka 250 ya uhuru tarehe 4 Julai, na kwao kuna vita vikali kuhusu historia isemwe vipi. Machi 2025 Rais Donald Trump alitia sahihi amri ya kuitaka Smithsonian iondoe alichokiita itikadi ya kugawanya watu. Agosti 2025 Ikulu ya White House ikaandika barua kwamba itakagua maonyesho ya makumbusho yake manane. Wanahistoria wengi walipinga, wakisema wanasiasa hawana kazi ya kuamua bango la utumwa liandikwe nini.

Mimi hapo nimejifunza kitu kimoja. Maelezo ya ukutani yanaweza kubadilishwa na rais yeyote. Lakini ripoti ya polisi ya 1955 ikishapakuliwa na walimu wengi, pamoja na ule mchoro, ni vigumu sana kuifuta. Chanzo kilicho wazi kinajilinda. Chanzo kilicho kwenye sanduku moja, chumba kimoja, ufunguo mmoja, kinaweza kupotea na usijue kilikuwepo.

Kwa nini sasa

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Gredi ya 10, na wanaochagua mkondo wa sayansi ya jamii wanaweza kuchukua Historia na Uraia. Mtaala wote umejengwa kwa ahadi kwamba mtoto atachunguza, hatakariri. Atachunguza nini, kama kitu pekee kilicho mezani ni kitabu cha kiada na noti za mwalimu? Itabidi achunguze Alabama, kwa sababu Alabama ndiyo iliyo wazi.

Na kuna sisi. Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliingia barabarani kupinga Mswada wa Fedha, siku iliyofuata rais akasema hatautia sahihi. Hiyo siku kila mtu alikuwa na kamera. Klipu, jumbe, mabango, michango ya hospitali, vyote viko kwenye TikTok, X na makundi ya WhatsApp. Watu wa Muindi Mbingu hawakuwa na kamera, wakabaki wakielezwa na DC. Sisi tumejieleza wenyewe, lakini tumeweka maelezo yetu kwenye seva za kampuni za nje na kwenye simu ambazo kila siku zinaibiwa, zinavunjika skrini na kuuzwa. Akaunti ikifungwa, imekwenda. Baada ya miaka thelathini mtoto wako akiuliza nini kilitokea, utamfungulia nini?

Inawezekana, na si kwa mabilioni

Najua jibu la ofisi: bajeti hakuna. Sawa, tuanze na kidogo.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inasema maktaba na makumbusho ni kazi ya kaunti. Kwa hivyo hili si la kurushiana na Nairobi pekee. Kaunti ya Machakos inaweza kukaa na Nyaraka za Kitaifa na kuomba mwaka mmoja tu, 1938. Ripoti ya wilaya, barua, picha, amri. Waweke kwenye ukurasa mmoja, kwa Kiingereza walichoandika, na tafsiri ya Kiswahili na Kikamba pembeni. Faili moja, maswali matatu. Na zile rekodi zilizokwisha kupigwa filamu Syracuse, hatuhitaji kuzipiga upya, tunahitaji mtu wa kuandika barua kuomba nakala za kidijitali.

Mifano ya nyumbani ipo. Shirika la African Digital Heritage, lililoanzishwa na Chao Tayiana Maina, likishirikiana na Museum of British Colonialism, limejenga upya kwa kompyuta kambi za kizuizi za wakati wa Mau Mau ili mtu aziingie akiwa kwa skrini. National Museums of Kenya nao wako kwenye Google Arts & Culture tangu 2019. Hakuna aliyesubiri bilioni.

Na wewe huna haja ya kungoja. Gazeti rasmi la serikali, Kenya Gazette, linasomeka mtandaoni kuanzia enzi za 1899. Tafuta jina la kijiji chenu uone ardhi ilipewa nani. Hansard ya Bunge la Uingereza iko wazi pia, na ya 1938 ina maswali kuhusu ng'ombe wa Wakamba. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 vinakupa haki ya kuandika barua kwa ofisi ya umma ukiomba rekodi, na ofisi inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Kama una nyanya ama babu ambaye mzazi wake alitembea mpaka Kariokor, mrekodi wikendi hii. Andika tarehe, mahali, jina la anayeongea. Hifadhi nakala sehemu mbili, si kwa simu peke yake.

Kaunti nayo tuiulize swali hili moja, kwa maandishi, tukiwa wengi: faili za Machakos za 1938 zitafika lini kwa madarasa ya Machakos?